Maduka ya zamani ya kifamilia Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa nafuatilia historia za maduka na biashara za kifamilia za Uingereza kwa miaka sasa, na kila nikipiga stori na ndugu na marafiki, walioko huku na walioko nyumbani, maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu maana yana utamu wake, mengine kwa ufupi tu. Kuna kitu utakiona kinajirudia, nacho ni kwamba jina lililoandikwa juu ya mlango mara nyingi silo la mtu aliyelibeba duka mgongoni, na hilo linaniuma, ndo maana nalirudia rudia.

Duka lipi ndo la zamani kuliko yote Uingereza?

Jibu la haraka: bucha ya R J Balson & Son, iko Bridport, mkoa wa Dorset, kusini magharibi mwa England, na ukoo ule unahesabu kazi yao ya bucha kuanzia 1515, enzi za mfalme Henry VIII. Kwa kulinganisha tu, Wareno walikuwa wameivamia Kilwa miaka 10 nyuma. Na mpaka leo nyama inakatwa.

Ila swali lenyewe lina mtego. Ukiona mwaka umeandikwa mlangoni jiulize kwanza, huu mwaka ni wa nini? Ni wa ukoo kuanza hiyo kazi, au wa jengo, au wa jina, au wa kampuni kusajiliwa? Lock & Co., wauza kofia wa St James's Street, London, wanaandika 1676, lakini kwenye hilo jengo walipo saivi, namba 6, wamehamia 1765. Kiwanda cha kengele cha Whitechapel kilikuwa kinahesabu kuanzia 1570 ila kilipita kwa familia kadhaa, ya mwisho ilikishika tangu 1904 tu. Kwa upande mwingine kuna benki ya C. Hoare & Co., imeanzishwa 1672 na Richard Hoare, fundi dhahabu wa London, na mpaka leo wenyewe ni kina Hoare wale wale wa damu. Hapo mwaka, jina na ukoo vyote vinakubaliana, na kwa kweli ni wachache sana wa hivyo.

Berry Bros. & Rudd wameandika 1698. Huyo Berry alikuwa nani?

1698 hakukuwa na Berry wala Rudd. Alikuwepo mama mmoja, na historia imemhifadhi kama Mjane Bourne, basi, hata jina lake la kwanza halipo. Akafungua duka la mahitaji pale ambapo leo ni namba 3 St James's Street, London, karibu kabisa na jumba la kifalme la St James's, na duka likaja kujulikana kwa kahawa. Enzi hizo nyumba za London hazikuwa na namba kwa hiyo kila duka lilitundika alama nje ili hata asiyejua kusoma afike, na alama ya duka hili ikawa kinu cha kahawa, ukienda leo utaikuta alama hiyo bado iko nje pale.

Binti yake akaolewa na William Pickering, biashara ikaenda nao, ikapita mikono mingine tena, George Berry kaja kuingia 1803 akiwa kijana mdogo na jina lake likapanda juu ya mlango 1810. Hesabu mwenyewe, ni miaka zaidi ya 110 baada ya mama Bourne. Rudd ndo wa juzi kabisa, Hugh Rudd, 1920. Saivi wanauza mvinyo na familia hizo mbili ndo zinamiliki.

Mara ya kwanza nilipoingia sikuangalia hata chupa moja. Sakafu ni ya mbao za kale, imelika na kuinama, unahisi kabisa mguu mmoja uko chini kuliko mwingine na mbao zinalia ukikanyaga. Halafu kuna ile mizani. Mizani kubwa ya kupimia magunia ya kahawa, imening'inia, na kuanzia 1765 wateja wenyewe wakawa wanapimwa juu yake maana nyumbani hakuna aliyekuwa na mizani ya mwili, uzito wako unaandikwa kwenye daftari kubwa la jalada la ngozi, jina, tarehe, kilo (kwa vipimo vyao vya enzi hizo), na mshairi Byron yumo humo ndani. Nilisimama nikawaza, haya madaftari yamehifadhi uzito wa mabwana wote wa mjini, ila la mama aliyefungua mlango siku ya kwanza hata jina kamili hakuna aliyeliandika.

Kwa hiyo wanawake ndo walianzisha haya maduka?

Wengi kuliko unavyodhani, na wengine hawakuanzisha ila waliyaokoa.

Stori ninayoipenda kupita zote ni ya Mary Tuke wa mji wa York. 1725, ana miaka 30, yatima, hajaolewa, na ni Quaker (Mkristo wa kanisa la Friends), anafungua duka la vyakula. Chama cha wafanyabiashara wa mji kinachoitwa Merchant Adventurers kikamwambia huna kibali, na kibali wakamnyima. Wakamtoza faini. Yeye anauza. Wakamwita tena, wakamtishia, yeye anaendelea kuuza, ikaenda hivyo miaka kadhaa mpaka wakachoka wao, wakakubali alipe ada afanye kazi yake kwa amani. Alipofariki duka likaenda kwa mpwa wake William Tuke, baadaye ukoo ukaingia kwenye kakao, 1862 kitengo cha kakao kikanunuliwa na Henry Rowntree, na hao Rowntree 1935 wakatoa chokoleti ambayo miaka 2 baadaye waliipa jina la KitKat. Kwa hiyo mizizi ya KitKat iko kwa binti mmoja aliyegoma kufunga duka.

Mwingine ni Mary Twining. Watu wanamjua Thomas Twining aliyenunua nyumba ya kahawa pale mtaa wa Strand, London, 1706 akaanza kuuza chai, lakini mwanae Daniel alipofariki 1762 ni mke wa Daniel, huyo Mary, aliyeendesha biashara karibu miaka 20 mpaka watoto wakawa wakubwa. Na WHSmith, wauza magazeti na vitabu, ilianzishwa 1792 na Henry Walton Smith pamoja na mkewe Anna, mume akafariki mwaka huo huo, Anna akabaki na duka na watoto wadogo. Jina "WH" ni la mtoto, William Henry. Bila mama hakuna WH wala Smith.

Hata washona majoho wa Ede & Ravenscroft, 1689, walianza kama mume na mke, William na Martha Shudall. Umeona jina la Shudall popote pale mlangoni? Halipo.

"& Sons", "Bros" na "& Co" zina maana gani?

"& Sons" ni na wanawe, "Bros" ni ndugu wa kiume, "& Co" ni na wenzake. Zamani haikuwa lazima iwe imesajiliwa popote, ilikuwa ni kama ahadi kwa mteja kwamba mzee akiondoka kijana yupo, mkopo wako uko salama na oda yako itaisha. Ndo maana fundi alikuwa anaandika "& Son" hata kama huyo mtoto bado anajifunza kushika msumari.

Ukiona "Ltd" (Limited, yaani kampuni yenye kikomo cha madeni) hapo mambo yamebadilika. Usajili wa kampuni Uingereza ulianza 1844 na ile kinga ya kwamba kampuni ikifa hawakufuati mpaka kitandani kwako ilikuja 1855. Na hapa kuna stori ambayo kila aliyesoma sheria Dar, Nairobi au Kampala ameikariri mwaka wa kwanza bila kujua kwamba ni stori ya duka la familia. Aron Salomon alikuwa mshona mabuti ya ngozi Whitechapel, mashariki ya London, biashara ya peke yake miaka mingi, watoto wakakua wakataka na wao wawe na sehemu. 1892 akaigeuza kampuni. Sheria ilitaka wanahisa 7, basi akajaza nyumbani kwake: yeye, mkewe, binti yake na vijana wake 4. Yeye hisa 20,001, wenzake hisa moja moja. Biashara ikayumba, kampuni ikafa ikiwa na madeni, wadai wakasema huyu na kampuni yake ni kitu kimoja, alipe. Kesi ikapanda mpaka House of Lords, mahakama ya juu kabisa enzi hizo, na wao wakasema hapana, kampuni ni mtu wake na Salomon ni mtu wake. Salomon v Salomon, 1897. Sheria ya makampuni ya nchi zetu imesimama juu ya lile duka la mabuti.

Kinyume chake ni hao hao kina Hoare niliowataja. Mpaka leo wabia wa ile benki wanabeba madeni yake kwa mali zao binafsi, bila kikomo, nyumba, shamba, kila kitu. Mimi nikifikiria kwa nini imedumu toka 1672 hiyo naiweka namba moja, mtu akijua kwamba akikosea analala nje anakuwa makini.

Je, jina la duka lazima liwe la mtu aliyekuwepo kweli?

Wala. Brooke Bond, wale wa majani ya chai, ilianzishwa na Arthur Brooke Manchester 1869, na hakukuwa na bwana Bond hata siku moja. Alipenda tu linavyosikika, na kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya kujifunga kwa ahadi, kwa hiyo likamfaa. Supamaketi ya Tesco nayo jina limetoka kwa herufi za T. E. Stockwell aliyekuwa anamuuzia chai Jack Cohen, mwanzilishi wake, ukaongezea herufi mbili za Cohen.

Lakini la karibuni limenikaa rohoni. 2025 WHSmith wakauza maduka yao yote ya mitaani, wakabaki na ya viwanja vya ndege, stesheni na hospitali, na wanunuzi hawakupata ruhusa ya kutumia jina. Wakaandika TGJones. Jones ni nani? Hakuna. Wamechagua tu jina linalosikika kama la ukoo kama lilivyokuwa Smith. Smith wa Anna, aliyekesha na hesabu za magazeti akiwa na watoto wachanga, limeshushwa, likapandishwa jina la familia isiyokuwepo. Mi nadhani hilo linaonyesha jinsi watu wanavyotaka kuamini kwamba nyuma ya kaunta kuna mtu na ukoo wake.

Kwa nini wengi wao walikuwa Quaker?

Cadbury, Fry, Rowntree, Clarks wa viatu, Huntley & Palmers wa biskuti, Barclays na Lloyds kwenye benki, wote hao mizizi yao ni ya Quaker. Wakenya wa Kaimosi na Vihiga mnawajua vizuri hawa, ni kanisa la Friends.

Sababu ni kwamba walikuwa hawali kiapo, dini yao inasema ndiyo yako iwe ndiyo, sasa Uingereza ya wakati ule bila kiapo huingii Oxford wala Cambridge, hupati kazi za serikali, bungeni hakukuhusu. Kikabaki nini? Biashara. Halafu walikuwa na bei moja kwa wote, hakuna kupatana, ukimtuma mtoto wa miaka 6 anarudi na chenji sahihi, na hiyo kwenye karne ya 18 ilikuwa ajabu. Wakaoana wenyewe kwa wenyewe, wakakopeshana wenyewe, na ukifilisika kwa uzembe wenzako wanakutoa kwenye ushirika. Na pombe walikuwa hawaitaki, ndo chanzo cha kupenda sana kakao, kahawa na chai. John Cadbury alipofungua duka lake Bull Street, Birmingham, 1824, alikuwa anauza hivyo hivyo vinywaji.

Walianza wakiwa na hela?

Wengine ndiyo, ila Michael Marks alikuwa mmachinga. Hakuna neno jingine linalomfaa. Myahudi aliyetoka Slonim, iliyoko Belarus ya leo, kafika kaskazini mwa England Kiingereza kinampiga chenga, akakopa pauni 5 kwa mfanyabiashara wa jumla wa Leeds anaitwa Isaac Dewhirst, akanunua vitu vidogo vidogo akawa anatembeza. 1884 akapata meza kwenye soko la Kirkgate, Leeds. Ile shida ya lugha akaitatua hivi: vitu vya peni moja akavitenga peke yake akaweka bango, usiulize bei, ni peni moja. Wateja wakajaa kwa hicho kibango. Baada ya miaka 10 akatafuta mbia, Tom Spencer, karani wa huyo huyo Dewhirst, akaweka pauni 300, ndo Marks & Spencer hiyo.

Jack Cohen naye, mtoto wa fundi cherehani, katoka vita ya kwanza 1919 na hela kidogo ya kuachiwa jeshi, akanunua vyakula vya makopo vilivyobaki jeshini na kuvipanga kwenye meza sokoni Hackney. Siku ya kwanza kauza pauni 4, faida pauni 1. Ukipita Kariakoo asubuhi utawaona kina Cohen na kina Marks wamejaa tele wanapanga meza.

Ndani ya haya maduka kuna nini cha ajabu?

Kwa wapenda ufundi nenda Lock & Co. Wana kifaa cha zamani kinafanana na kofia ndefu iliyotengenezwa kwa vipande vya mbao na chuma, unavikwa kichwani, vile vipande vinajifinyanga kufuata kichwa chako na juu yake kunatoboka kikaratasi kidogo chenye umbo halisi la kichwa chako. Hakuna kichwa cha duara kamili, ukiona vile vikaratasi utashangaa, kimoja kama yai, kingine kama kiazi. Ile kofia ngumu ya duara ya watu wa ofisini, bowler, iliagizwa hapo 1849 na Edward Coke kwa ajili ya walinzi wa mashamba ya kwao, maana kofia ndefu zilikuwa zinagonga matawi. Alipokuja kuichukua aliiweka chini sakafuni akaikanyaga kwa kiatu, mara mbili. Haikubonyea. Akalipa shilingi 12 akaondoka nayo.

Wapenda miavuli waende James Smith & Sons, ilianza 1830 na iko New Oxford Street tangu 1857, kioo cha mbele chote kimejaa maandishi ya kale ya kutangaza fimbo na miavuli.

Zile nembo za kifalme juu ya mlango ni za kununua?

Hapana. Ni kibali kwamba wanaihudumia nyumba ya kifalme, kinatolewa kwa muda na hukaguliwa tena. Mfalme au malkia aliyekitoa akifariki kibali kinakufa naye, wanapewa muda wa kama miaka 2 kutumia nembo wakati wanaomba upya kwa aliyerithi kiti. Ndo maana baada ya malkia Elizabeth kufariki 2022 maduka mengi yalikuwa kwenye presha.

Utajiri wao ulitokana na makoloni?

Sehemu kubwa ya bidhaa zao, ndiyo: chai, sukari, kakao, mawese, pamba. Na hapa hata wale wenye sifa nzuri lazima waulizwe.

Cadbury walihamishia kiwanda chao Bournville 1879 na baadaye wakajenga hapo kijiji kizuri, nyumba na bustani na viwanja vya michezo, wakati huo huo kakao yao ilikuwa inanunuliwa kisiwa cha São Tomé, koloni la Wareno, ambako watu walitolewa Angola kwa nguvu na hawarudi kwao. William Cadbury alisikia habari hizo 1901. Waliacha kununua 1909. Miaka 8! Gazeti moja liliandika kuhusu huo unafiki, Cadbury wakalishtaki, wakashinda kesi, halafu wazee wa baraza wakawapa fidia ya robo peni. Robo peni hiyo inatosha kueleza watu wa kawaida waliona nini.

William Lever, mtoto wa muuza duka wa Bolton, aliyetoa sabuni ya Sunlight 1884, naye alijenga Port Sunlight karibu na Liverpool, nyumba za kupendeza mpaka leo. Lakini 1911 alifunga mkataba na serikali ya Ubelgiji kupata mawese Congo, akaanzisha mji wa Leverville, saivi unaitwa Lusanga, na watu wa kule wakalazimishwa kukwea michikichi kwa miaka mingi. Sabuni inatoka povu huku, jasho linatoka kule. Ukisoma historia ya hii kampuni ukaambiwa Port Sunlight tu, umesoma nusu.

Kuna uhusiano wowote na kwetu Afrika Mashariki?

Upo mwingi na mwingine uko jikoni kwako. Brooke Bond waliingia Kenya miaka ya 1920, wakawa na mashamba ya chai Kericho, na huko kuna sehemu mpaka leo watu wanaiita Brooke, jina la muuza duka wa Manchester. Zanzibar kulikuwa na Smith Mackenzie tangu miaka ya 1870, mawakala wa meli za British India, wakasambaa Mombasa na kwingineko. Panga zenye alama ya mamba ni za Ralph Martindale wa Birmingham, kampuni ya 1874. Wale Ravenscroft ndo waliotengeneza 1822 lile wigi la nywele za farasi lisilohitaji kupakwa unga, ambalo majaji na mawakili wetu wakalirithi, na ukilivaa kwenye joto la pwani utajua kwamba halikufikiriwa kwa ajili yetu.

Na baiskeli ya Raleigh, ya Nottingham. Babu yangu alikuwa nayo, nyeusi, alikuwa anaifuta kwa kitambaa kila jioni hata kama haijatoka nje siku hiyo, na sisi wajukuu tuliruhusiwa kupiga kengele tu.

Mbona zinakufa sasa?

Sababu ni nyingi na mara nyingi zinakuja pamoja. Kodi ya mirathi ilianza kuuma kweli 1894 na baada ya vita ya pili ikafika mahali ukoo unauza duka ili ulipe kodi ya kifo cha mzee. Mabomu ya Wajerumani yalifuta mitaa mizima. Kisha supamaketi, kisha manunuzi ya onlaini, na fremu za katikati ya mji kupanda kodi kila mkataba ukiisha. Na kubwa kuliko zote, watoto hawataki. Mtoto kasoma udaktari, unamwambiaje arudi kuuza misumari?

Debenhams, mizizi yake ni duka la 1778, ilifunga maduka yake yote 2021, limebaki jina linauza mtandaoni chini ya watu wengine. Thomas Cook wa safari, 1841, ikaanguka 2019 na kuacha wasafiri nchi za watu. Cadbury ilinunuliwa na Kraft 2010 kwa zaidi ya pauni bilioni 11. Clarks ikaenda kwa wawekezaji wa Hong Kong 2021, karibu miaka 200 kamili tangu Cyrus Clark aanze. Hamleys ya midoli, iliyoanzishwa na William Hamley 1760, ni ya Reliance ya India tangu 2019.

Kilichoniumiza mimi ni Whitechapel, kile kiwanda cha kengele. Big Ben ilimiminwa pale 1858, tani 13 na ushee, na Liberty Bell ya Marekani 1752. Ukipita mlango wa mbele juu yako kulikuwa na fremu ya mbao yenye umbo na ukubwa wa Big Ben, unaingia kama unapita ndani ya kengele. Umbo la kumiminia walilifinyanga kwa udongo uliochanganywa na manyoya ya mbuzi na mavi ya farasi, maana yale manyoya na nyasi zikiungua zinaacha vitundu hewa ipite, bila hivyo shaba ya moto inapasua kila kitu. Ufundi huo ulikuwa mikononi mwa watu, haukuwa kwenye mashine. 2017 wakafunga. Kengele nzuri inadumu miaka mamia, mteja akishanunua harudi, na waliobaki na kazi hiyo kubwa Uingereza ni John Taylor wa Loughborough. Nikisikia kengele ya kanisa la kale London nawaza, aliyejua kuchanganya ule udongo yuko wapi saivi.

Nina kopo, risiti au chupa ya duka la zamani la Uingereza. Nitajuaje ni ya mwaka gani?

Anza na anwani, wala usianze na jina. London iligawanywa kwenye maeneo ya posta 1857 na 1858, herufi tu kama W au EC, namba zikaongezwa 1917, kwa hiyo "London, W." ni ya kabla ya 1917 na "W1" ni ya baada. Ukiona msimbo mrefu wa posta wa herufi na namba huo ni wa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukiona "Ltd" ni ya baada ya 1855. Namba ya simu ipo au haipo, angalia pia.

Ukishapata kipindi ingia kwenye vitabu vya orodha za wafanyabiashara, hasa vya Kelly's, vilitoka mwaka hadi mwaka na Chuo Kikuu cha Leicester wameviweka vingi mtandaoni bure. Tafuta mtaa, fuatilia mwaka mmoja mmoja, utaona jina linabadilika: leo John, mwaka wa 8 "Mrs", mwaka wa 15 "& Sons". Hiyo "Mrs" ndo unayotakiwa kuitafuta kwa makini, hapo mzee amefariki na mama kashika kaunta.

Kisha sensa. Zina majina kuanzia 1841, kila miaka 10, na hufunguliwa baada ya miaka 100, ya 1921 imefunguliwa 2022. Ya 1931 ya England na Wales iliungua yote na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, usipoteze muda kuzitafuta. Sensa itakuambia nani alilala juu ya duka: watoto, mfanyakazi wa ndani, mwanagenzi, karani. Kama waligombana au walifilisika angalia London Gazette, gazeti la serikali linalotoka toka 1665, ubia ukivunjika na mtu akifilisika vinatangazwa humo, na kulisoma mtandaoni ni bure.

Makampuni makubwa yana hifadhi zao, Marks & Spencer wana yao pale Chuo Kikuu cha Leeds. Na kama una kadi ya biashara ya karne ya 18 linganisha na mkusanyo wa Ambrose Heal ulioko British Museum, huyo alikuwa mwenye duka la samani la Heal's, duka la kwao la toka 1810, akatumia maisha yake kukusanya vikaratasi vya maduka ya wenzake.

Nina siku moja tu London, nianzie wapi?

Shuka Piccadilly, pita Fortnum & Mason, wao ni wa 1707, William Fortnum alikuwa mtumishi wa malkia Anne akawa anauza mishumaa iliyobaki ikulu kila usiku. Toka kwa nyuma uingie Jermyn Street, namba 89 ni Floris wa manukato, ukoo uliotoka Menorca, 1730. Teremka St James's Street, Lock namba 6, Berry namba 3. Yote hayo ni mwendo wa kama dakika 10 kwa mguu na kuingia hakulipiwi. Kisha panda basi mpaka Strand namba 216, Twinings. Duka lenyewe ni jembamba kama korido, utalipita bila kuliona, tafuta mlango wenye simba wa dhahabu juu na sanamu za Wachina wawili. Ndani ukutani kuna picha za ukoo. Mwulize anayeuza akuonyeshe ni wapi Mary ametajwa.